Mafunzo ya uigaji na mitazamo ya wanafunzi wa uuguzi kuhusu wagonjwa wenye ulemavu

Mafunzo ya uigaji kuhusu ulemavu ni njia ya kufundishia ambayo wanafunzi wa uuguzi hukutana na mgonjwa mwenye ulemavu, au na hali inayofanana na yake, katika chumba cha mazoezi kabla ya kukabidhiwa wagonjwa wodini. Lengo lake si ustadi wa mikono pekee, kama vile kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Linahusu pia mtazamo, yaani yale ambayo muuguzi anayadhani, anayaogopa na anayatarajia anapopokea mtu asiyeona, kiziwi, mwenye ulemavu wa viungo au mwenye ulemavu wa akili.

Kuna aina mbili kubwa za mafunzo hayo. Mara nyingi huchanganywa, ingawa matokeo yake hutofautiana sana. Katika aina ya kwanza mwanafunzi mwenyewe hujifanya mwenye ulemavu: hufungwa kitambaa machoni, huziba masikio au huketi kwenye kiti cha magurudumu kwa saa moja au mbili. Katika aina ya pili mwanafunzi hubaki kuwa muuguzi, na aliye mbele yake ni mgonjwa wa kuigiza, ambaye katika programu zilizo bora ni mtu mwenye ulemavu kweli. Utafiti wa miaka ya karibuni umeikosoa aina ya kwanza na kuipa uzito zaidi ya pili.

Umuhimu

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilikadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya wakazi wote wa dunia, wana ulemavu mkubwa. Ripoti hiyo inasema baadhi yao hufa hadi miaka 20 mapema kuliko watu wasio na ulemavu. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na hali yenyewe ya mwili, lakini sehemu kubwa hutokana na mambo yanayoweza kubadilishwa: majengo yasiyofikika, gharama, umaskini, na jinsi watumishi wa afya wanavyowapokea.

Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Marekani na Lisa Iezzoni na wenzake kwa madaktari 714. Asilimia 82.4 ya madaktari hao walisema kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wana maisha duni kuliko wengine, na ni asilimia 40.7 tu waliokuwa na uhakika kamili kwamba wanaweza kuwapa huduma ya kiwango kilekile. Wenye ulemavu wenyewe husema mengine. Katika utafiti wa Gary Albrecht na Patrick Devlieger wa mwaka 1999, zaidi ya nusu ya waliohojiwa, wote wakiwa na ulemavu mkubwa, walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Watafiti hao waliita hali hiyo kitendawili cha ulemavu. Uchunguzi wa Iezzoni ulihusu madaktari, si wauguzi, lakini muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa kwa saa nyingi zaidi, na dhana kama hiyo ikiwa kichwani mwake huonekana haraka kitandani.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile ya dalili za ugonjwa kufunikwa na ulemavu. Kijana mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kusema anaanza kujipiga shavuni. Muuguzi anaandika kwamba hiyo ni tabia yake, kumbe jino limeoza na usaha umejaa. Nchini Uingereza shirika la Mencap lilitoa ripoti mwaka 2007 kuhusu vifo vya watu sita wenye ulemavu wa akili waliokuwa chini ya huduma ya afya ya taifa. Ripoti hiyo ilifuatwa na uchunguzi rasmi ulioongozwa na Jonathan Michael mwaka 2008. Uchunguzi mwingine, uliokamilika mwaka 2013 na kuhusu eneo la kusini-magharibi mwa Uingereza, ulionyesha kwamba wanaume wenye ulemavu wa akili walikufa wastani wa miaka 13 kabla ya wanaume wengine, na wanawake miaka 20 kabla ya wanawake wengine.

Mengine ni madogo kwa kuyatazama, lakini mgonjwa hukutana nayo kila siku. Muuguzi humuuliza msindikizaji, "Anaumwa wapi?" wakati mgonjwa yupo na anasikia. Humpazia sauti mtu asiyeona, kana kwamba macho na masikio ni kitu kimoja. Husukuma kiti cha magurudumu bila kuomba ruhusa. Huacha kumpima mgonjwa uzito kwa sababu hawezi kusimama kwenye mizani, kisha dozi hukadiriwa kwa macho. Humruka mwanamke mwenye ulemavu wa viungo anapotoa ushauri wa uzazi wa mpango, kwa kudhani kwamba jambo hilo halimhusu.

Historia

Uigaji katika uuguzi ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1911 Martha Jenkins Chase, mtengenezaji wa wanasesere wa Rhode Island, Marekani, alitengeneza mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima kwa ajili ya shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Connecticut. Wanafunzi walimwita Bibi Chase, na kwa miaka mingi walijifunzia kwake kugeuza, kuosha na kuvalisha mgonjwa. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norwei, ambaye naye alikuwa mtengenezaji wa vitu vya watoto, alitoa mwanasesere Anne wa kufundishia jinsi ya kurudisha pumzi na mapigo ya moyo.

Hatua iliyohusu ulemavu moja kwa moja ilitokea mwaka 1963 huko Los Angeles. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alitafuta njia ya kuwapima wanafunzi wake kwa kisa kilekile kimoja. Alimfundisha mwanamke mmoja mwenye afya njema kuigiza mgonjwa aliyepooza miguu kutokana na ugonjwa wa kukakamaa kwa neva. Mwaka 1964 Barrows na Stephen Abrahamson waliandika makala juu ya mbinu hiyo, ambayo mwanzoni ilichekwa na wengi. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa kuigiza katika elimu ya afya alikuwa mgonjwa mwenye ulemavu, akiigizwa na mtu asiye na ulemavu. Ilichukua takriban miongo mitatu kabla watu wenye ulemavu wenyewe hawajaanza kuitwa kufanya kazi hiyo.

Katika uuguzi uigaji ulipata nguvu mpya mwaka 2014, wakati Baraza la Kitaifa la Bodi za Uuguzi la Marekani lilipotoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vyuo 10. Wanafunzi 666 walifuatiliwa hadi mwisho wa masomo, na ilionekana kwamba hata nusu ya saa za mazoezi ya wodini zinaweza kufanywa kwa uigaji bila wanafunzi kushindwa mtihani wa leseni au kazi yao ya kwanza, mradi uigaji wenyewe uwe wa kiwango kizuri. Utafiti huo haukuhusu ulemavu, lakini ulivifungulia vyuo vingi mlango wa kujenga vyumba vya uigaji.

Kujifanya mwenye ulemavu

Zoezi hili ni rahisi na halina gharama kubwa, na labda ndiyo sababu limeenea. Mwaka 1972 Gerald Clore na Katharine Jeffery walichapisha utafiti wa wanafunzi waliozunguka chuo kwa kiti cha magurudumu kwa takriban saa moja. Ikilinganishwa na wenzao ambao hawakufanya hivyo, walionyesha mtazamo mzuri zaidi kwa wanafunzi wenye ulemavu, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi minne baadaye. Matokeo hayo yalitajwa sana na waliotaka kulitetea zoezi hilo.

Wenye ulemavu hawakuridhika. Sally French, mwanafiziotherapia na mwandishi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana uoni hafifu, aliandika mwaka 1992 kwamba mazoezi hayo hutoa picha ya uongo. Hoja yake inaeleweka kwa urahisi. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni hajifunzi upofu. Anajifunza saa ya kwanza ya upofu, ambayo ni mbaya kuliko zote. Mtu aliyetembea na fimbo nyeupe kwa miaka ishirini anajua mlango uko wapi kwa mlio na kwa upepo, anatambua noti kwa kuzipapasa na anajipikia. Mwanafunzi wa saa moja hana ujuzi hata mmoja kati ya huo, hivyo anagonga meza, anaogopa, kisha anatoka akiamini kwamba watu wasioona huishi katika hofu hiyo maisha yao yote. Isitoshe, anajua kwamba wakati wowote anaweza kukivua kitambaa. Asichokutana nacho ni kunyimwa kazi, kuhurumiwa na wapita njia na kusemewa na wengine.

Majaribio ya baadaye yaliipa hoja hiyo ushahidi. Mwaka 2015 Arielle Silverman, mwanasaikolojia asiyeona, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambamo waliofungwa macho waliwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea kuliko walivyowaona washiriki ambao hawakufungwa. Mwaka 2017 Michelle Nario-Redmond na wenzake walipima zoezi la kujifanya mwenye ulemavu wa viungo, wa kusikia na wa kusoma. Washiriki walitoka wakiwa na huruma zaidi, lakini pia na aibu, wasiwasi na hisia ya kutojiweza, na mitazamo yao kuhusu kushirikiana na watu wenye ulemavu haikuwa bora.

Tofauti kati ya huruma na heshima ndiyo kiini cha mjadala huu. Muuguzi mwenye huruma nyingi anaweza kumlisha mgonjwa anayeweza kula mwenyewe, au kumficha habari za ugonjwa wake ili asiumie.

Hata hivyo zoezi la kiti cha magurudumu halijatupwa lote. Linafaa pale ambapo kinachochunguzwa ni jengo, si mtu. Wanafunzi wanaotumwa kwa kiti kutoka lango la hospitali hadi maabara, chooni na kwenye dirisha la dawa hurudi na orodha ya vizingiti, milango myembamba na madirisha yaliyo juu mno. Orodha hiyo ni ya kweli bila kujali nani alikalia kiti.

Kuna pia zoezi la kusikia sauti lililotungwa na Patricia Deegan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na skizofrenia akiwa kijana. Mwanafunzi huvaa visikizi vinavyotoa sauti za kumsumbua, huku akitakiwa kujibu maswali ya daktari, kujaza fomu au kufanya hesabu. Limetumiwa sana katika shule za uuguzi. Linatofautiana na kitambaa cha macho kwa sababu limetungwa na mtu anayeijua hali hiyo, na kwa sababu kazi anazopewa mwanafunzi ni zilezile ambazo hospitali humpa mgonjwa. Baada ya hapo wanafunzi huelewa kwa nini mgonjwa huchelewa kujibu, na wanaacha kumwita mkaidi.

Mgonjwa wa kuigiza mwenye ulemavu

Katika aina hii mtu mwenye ulemavu huajiriwa na chuo, hufundishwa kisa, na huigiza ugonjwa fulani. Ulemavu wake ni wa kweli. Kinachoigizwa ni sababu iliyomleta hospitali: homa, kidonda, ujauzito, maumivu ya kifua. Mara nyingi kisa huwa hakihusu ulemavu kabisa, na hilo hufanywa kwa makusudi, kwa kuwa wagonjwa wengi wenye ulemavu huja hospitali kwa malaria au kwa meno kama watu wengine.

Miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo ni Chuo cha Tiba cha St George's cha London, ambacho kilishirikiana na kikundi cha maigizo cha Strathcona, kilichoundwa na waigizaji wenye ulemavu wa akili. Wanafunzi wa udaktari walitakiwa kuwahoji waigizaji hao kama wagonjwa, kisha waigizaji wakatoa maoni yao. Katika uuguzi, Chuo Kikuu cha Villanova huko Pennsylvania kimekuwa mstari wa mbele. Chini ya Suzanne Smeltzer kiliwaingiza wagonjwa wa kuigiza wenye ulemavu katika masomo ya kawaida ya wauguzi, na kazi hiyo ilichangia visa vilivyotolewa na Shirikisho la Kitaifa la Uuguzi la Marekani ili vitumiwe na vyuo vingine.

Kisa kimoja kinachofaa kueleza jinsi kazi inavyokwenda ni kile cha mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu. Mgonjwa yumo kwenye kiti cha magurudumu, ana mpira wa mkojo, na anakuja na mkewe kwa sababu ya kuumwa kichwa ghafla. Uso umemwiva, anatoka jasho juu ya kifua. Mwanafunzi anapima presha. Kwa kuwa mwigizaji hawezi kuipandisha kwa kutaka, mkufunzi huonyesha kadi yenye namba 150 kwa 90. Kwa mtu mzima mwingine namba hiyo si ya kutisha sana. Lakini mtu aliyeumia uti wa mgongo juu ya pingili ya sita ya kifua mara nyingi huwa na presha ya juu ya kati ya 90 na 110, hivyo 150 kwake ni dharura: mwili unaitikia kitu kinachousumbua chini ya sehemu iliyoumia, na ubongo hauwezi kutuma amri ya kuituliza. Asiposaidiwa anaweza kupata kiharusi.

Chanzo cha kawaida ni kibofu kilichojaa kwa sababu mpira wa mkojo umeziba au umejikunja. Kinachofuata ni choo kigumu. Matibabu ya mwanzo hayahitaji dawa. Mgonjwa huketishwa wima, nguo zinazobana hulegezwa, mpira wa mkojo hunyooshwa au hubadilishwa, na presha hupimwa tena kila baada ya dakika chache. Mgonjwa mwenyewe anayajua haya yote, maana yameshamtokea mara nyingi. Katika kisa ameagizwa kusema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Nadhani ni mpira wangu."

Baadhi ya wanafunzi husikia. Wengine huendelea kumwuliza mke historia ya ugonjwa, humlaza mgonjwa chali ili apumzike, jambo ambalo huzidisha hatari, au huandika maumivu ya kichwa na kumpa panadol. Hapo ndipo mtazamo hugeuka kuwa tendo linaloweza kupimwa. Hakuna hojaji inayoonyesha kwa uwazi kama huo kwamba muuguzi hamchukulii mgonjwa kuwa shahidi wa mwili wake mwenyewe.

Mazungumzo ya baada ya zoezi

Wataalamu wa uigaji hukubaliana kwamba mwanafunzi hujifunza zaidi katika mazungumzo yanayofuata kuliko katika zoezi lenyewe. Kisa kinaweza kuchukua dakika 15, na mazungumzo dakika 30 au zaidi. Viwango vya chama cha kimataifa cha uigaji katika uuguzi, INACSL, vilivyotolewa upya mwaka 2021, vinataka pia maandalizi kabla ya zoezi: wanafunzi waambiwe ni nini kitatazamwa na wahakikishiwe kwamba kukosea chumbani hakutawaaibisha.

Katika mafunzo kuhusu ulemavu mazungumzo hayo yana jambo la pekee. Mwigizaji huacha kisa na kuzungumza kwa nafsi yake. Anaweza kusema, "Uliniinamia vizuri, nikakuona usoni, lakini maswali matatu ya kwanza ulimwuliza mke wangu." Mwanafunzi hana nafasi ya kujibu kwamba mgonjwa hakuelewa. Pia huuliza mambo ambayo wodini hathubutu kuyauliza: amwite nani vipi, amshike wapi anapomwongoza asiyeona, afanye nini asipomwelewa mtu anayesema kwa shida. Jibu la swali hilo la mwisho huwashangaza wengi kwa urahisi wake: amwombe arudie, na asijifanye ameelewa.

Hali hii inalingana na nadharia ya Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1954 kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki na dhana potofu iwapo wanakutana kwa hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana na wanaungwa mkono na wenye mamlaka. Wodi mara nyingi haina sharti la kwanza, kwa kuwa mgonjwa amelala na muuguzi amesimama. Chumba cha uigaji hugeuza mpangilio huo, kwani mwenye ulemavu ndiye mwalimu.

Kupima mabadiliko

Hojaji ya zamani inayojulikana zaidi ni ile ya Harold Yuker na wenzake ya mwaka 1960, inayomwuliza mtu anakubali kiasi gani kwamba wenye ulemavu ni sawa na wengine. Mpya zaidi ni ya Liora Findler na wenzake wa Israeli, ya mwaka 2007. Badala ya kuuliza moja kwa moja, husimulia kisa cha mtu anayekutana na mwenye kiti cha magurudumu mkahawani, kisha humwuliza msomaji mtu huyo atahisi, atafikiri na atafanya nini.

Mbinu ya pili ilitungwa ili kukwepa tatizo linalojulikana na kila mwalimu: mwanafunzi hujibu anachojua kinatarajiwa. Baada ya somo la kuwaheshimu wagonjwa wenye ulemavu ni wachache watakaoandika kwamba hawawaheshimu. Udhaifu mwingine ni kwamba tafiti nyingi huhusisha wanafunzi wachache wa chuo kimoja, hazina kundi la kulinganishia, na hupima siku ileile ya zoezi. Kwa hiyo alama zilizopanda baada ya somo hazitoshi kuthibitisha kwamba huduma wodini imekuwa bora. Baadhi ya vyuo hutumia njia nyingine: mgonjwa wa kuigiza hujaza orodha ya matendo aliyoyaona, kwa mfano kama mwanafunzi alijitambulisha kwake, kama aliomba ruhusa kabla ya kugusa kiti chake na kama alimtazama alipokuwa akiongea na mkalimani.

Matatizo ya utekelezaji

Swali la nani aigize bado linabishaniwa. Mwigizaji asiye na ulemavu akiketi kwenye kiti cha magurudumu anaweza kukariri kisa, lakini hawezi kujibu maswali yasiyokuwa kwenye karatasi, na mara nyingi huigiza dhana alizo nazo mwenyewe. Sanamu za mazoezi nazo karibu zote zimetengenezwa kwa umbo la mwili usio na ulemavu, na hata ikifungwa mguu wa bandia sanamu haichukizwi inapodharauliwa.

Kumwajiri mtu mwenye ulemavu nako kuna masharti. Alipwe sawa na waigizaji wengine, si nauli na soda. Chumba, choo na usafiri vimfae. Vyuo kadhaa viligundua kwamba maabara yao ya uigaji haifikiki pale tu vilipomwalika mwalimu wa kwanza mwenye kiti. Asipimwe sehemu za siri au kugeuzwa mara nyingi hadi apate vidonda. Na kwa kuwa atasikia maneno ya kuumiza kutoka kwa wanafunzi wanaojifunza, apewe haki ya kusimamisha zoezi.

Lugha

Katika Kiswahili majina mengi ya zamani ya watu wenye ulemavu yako katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Kwa kuwa ngeli hiyo ni ya vitu, baadhi ya watu huyaona kuwa ya kudunisha, na maandishi rasmi hutumia "mtu mwenye ulemavu" au "asiyeona". Si wote wanaokubaliana. Jumuiya ya viziwi nchini Tanzania inajiita Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), na viziwi wengi hawana tatizo na jina hilo ila hukataa kuitwa "bubu", kwa sababu wana lugha yao ya alama. Kanuni inayofundishwa katika mazoezi ni kumwuliza mgonjwa jina lake na kulitumia.

Sheria na sera

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008. Ibara yake ya 25 inataka watumishi wa afya wawape watu wenye ulemavu huduma ya kiwango sawa na wengine, kwa ridhaa yao, na inataja mafunzo kama njia ya kufikia hilo.

Nchini Uingereza mafunzo yalifanywa kuwa ya lazima baada ya kifo cha Oliver McGowan mnamo Novemba 2016. Alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye usonji, kifafa na ulemavu mdogo wa akili, aliyepewa hospitalini dawa ya kutuliza akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Mama yake aliendesha kampeni, na sheria ya afya ya mwaka 2022 ikawataka watoa huduma waliosajiliwa kuwafundisha watumishi wao kuhusu ulemavu wa akili na usonji. Mafunzo yanayobeba jina la Oliver hutolewa na mkufunzi pamoja na watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili.

Afrika Mashariki

Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2003, na katiba yake ya mwaka 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kliniki nyingi hazina mkalimani, na kiziwi huja na ndugu yake wa kumtafsiria. Hapo ndipo zoezi la uigaji hukutana na maisha halisi, kwani mama mjamzito kiziwi anayetafsiriwa na mtoto wake au na shemeji hawezi kueleza kila kitu, na muuguzi anapaswa kujua la kufanya: kuandika ikiwa mama anasoma, kutumia picha, kutafuta mkalimani kupitia chama cha viziwi, na kumtazama mama badala ya msindikizaji.

Uigaji wenyewe si mgeni katika eneo hili. Mpango wa kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga kupumua, unaotumia mwanasesere wa bei nafuu anayejazwa maji, ulijaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara ilionekana kwamba semina ya siku moja iliboresha ustadi wa wakunga katika chumba cha mazoezi lakini haikubadilisha walichofanya kwenye chumba cha kuzalia. Mabadiliko yalionekana walipoanza kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara mahali pa kazi. Wanaopanga mafunzo kuhusu ulemavu hukabiliwa na swali hilohilo, kwa kuwa mengi yake bado ni ya siku moja.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache kuliko inavyodhaniwa. Kitanda, pazia, meza, mashine ya presha na kadi za namba vinatosha kwa visa vingi. Kinachohitaji bajeti ni malipo ya mwalimu mwenye ulemavu na njia ya kumfikisha darasani.